Lami, mtaro na fidia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miradi ya serikali ya kuboresha miji

Maswali haya huulizwa kila wapima wanapoingia mtaani na vigingi vyenye rangi nyekundu vinapoanza kupigwa kando ya njia. Majibu yameegemea Dar es Salaam, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko nilikoona miradi hii ikianza, ikikwama na ikikamilika. Nairobi inaingia pale inapotufundisha jambo.

Mradi wa kuboresha mji ni nini? Si ni barabara tu?

Barabara ya kawaida inamtoa mtu Ubungo na kumfikisha Posta. Mradi wa kuboresha mji unachukua eneo ambalo watu tayari wamejaa na kulitazama zima kwa pamoja: maji ya mvua yanatoka wapi na yanaishia wapi, gari la taka linafika nyumba ya ngapi, mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku bajaji inamfuata mlangoni au inabidi abebwe hadi barabara kubwa. Kwa hiyo ndani ya mradi mmoja utakuta lami, mitaro, taa, njia za miguu, soko, kituo cha daladala, wakati mwingine vyoo vya umma na sehemu za kukusanyia taka.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ilipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuviwekea njia na maji kabla watu hawajajenga. Kisha ikaingia Manzese, Tandika na Mtoni, ambako watu walikuwa wamekwisha kujenga, ikawapelekea huduma palepale walipo. Nenda Sinza leo utembee: mitaa bado imenyooka na gari linapita. Kazi iliyofanywa kabla nyumba ya kwanza haijasimama inaendelea kuwafaa wajukuu wa waliopewa viwanja vile.

Kwa nini tusivunje tu tukajenga upya?

Kwa sababu watu wanakaa pale. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa yao wanaishi katika makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Ukivunja Manzese hujaondoa umaskini, umeuhamishia Chanika au Mbagala ya ndani, mbali na kazi, na kesho utaukuta huko ukiwa umeongezewa nauli. Kuboresha watu wakiwa palepale kunaenda polepole na kunachosha wahandisi, lakini kunamwachia mama muuza chapati wateja wake.

Mnasema ni fedha za serikali, mbona tunasikia ni za Benki ya Dunia?

Yote mawili ni kweli. Chukua mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, unaojulikana na kila mkazi wa jiji hili kama DMDP. Ulipoidhinishwa 2015 ulikuwa wa dola milioni 330: milioni 300 ni mkopo wenye masharti nafuu kutoka Benki ya Dunia, milioni 5 zilitoka mfuko wa maendeleo wa nchi za Nordiki, na milioni 25 zilikuwa za serikali yenyewe. Mkopo si msaada. Utalipwa na Watanzania, akiwemo mkulima wa Sumbawanga ambaye hajawahi kukanyaga Kariakoo. Ndiyo maana naumia kila nikiona mtaro uliojengwa kwa deni hilo umejaa magodoro na nepi.

Dar es Salaam haikuwa peke yake. Mradi wa miji ya kimkakati, ulioanza 2010, ulipeleka barabara, taa na madampo ya kisasa Arusha, Mwanza, Mbeya, Tanga, Dodoma, Kigoma na Mtwara. Sasa mradi mwingine wa kuboresha miji, TACTIC, unagusa miji 45. Na awamu ya pili ya DMDP imezichukua halmashauri zote tano za mkoa, zikiwemo Ubungo na Kigamboni ambazo hazikuwepo kama manispaa wakati awamu ya kwanza inaandikwa.

Kwa nini wanahangaika na mitaro wakati sisi tuliomba lami?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Lami haiuawi na magari ya mtaani kwetu, inauawa na maji. Maji yakikaa juu yake yanaingia kwenye nyufa, yanalegeza kifusi cha chini, na gari la mchanga likipita mara mbili tatu shimo linafunguka. Wajenzi wa zamani wa mitaa yetu walilijua hili bila kwenda chuo: kabla ya kuweka msingi walikaa kwanza masika moja wakatazama maji yanapita wapi.

Dar es Salaam ni jiji la mabonde. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya vijito vingi, Mto Ng'ombe ukiwa mmojawapo, unaokatiza Tandale na Magomeni. Kila paa la bati linaloongezeka na kila uani unaosakafiwa kwa saruji hupunguza ardhi ya kunywa mvua. Kiasi kilekile cha mvua kilichozama ardhini miaka arobaini iliyopita leo kinakimbilia bondeni chote kwa saa moja.

Desemba 2011 tuliona maana yake. Watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Wanaokaa mabondeni wanajua pia jambo ambalo halisemwi sana kwenye mikutano: mvua ikinyesha kuna watu hutapisha vyoo. Kinyesi kinaachiwa kiende na maji, nayo yanaingia sebuleni kwa jirani wa chini. Kipindupindu mara nyingi kinaanzia hapo. Kwa hiyo mhandisi akija na michoro ya mtaro badala ya michoro ya lami, amekuja na dawa ya mafuriko, ya kipindupindu na ya barabara kwa pamoja.

Ndiyo sababu sehemu ya fedha za DMDP ilikwenda kwenye kingo za zege na mawe kando ya Mto Ng'ombe na mto wa Sinza. Na mtaro hujengwa kuanzia chini kwenda juu. Ukijenga wa juu kwanza umemletea mtu wa chini mafuriko aliyokuwa hana. Ukiona mtaani kwako hakujaanza kitu huku wa bondeni wanachimba usiku na mchana, usidhani mmesahauliwa. Wanafungua mlango wa kutokea.

Bonde la Msimbazi lenyewe linafanywa nini?

Lina mradi wake peke yake, ulioidhinishwa 2022, nao una fedha za Benki ya Dunia, Uhispania na Uholanzi. Mpango ni kuuachia mto nafasi yake: kuchimba na kupanua bonde, kunyanyua eneo la ukingoni, kujenga daraja refu na la juu Jangwani ili Barabara ya Morogoro isifungwe kila masika, na bonde lenyewe liwe bustani ya jiji badala ya makazi. Wenye nyumba wa Jangwani, Mkwajuni na maeneo jirani wamethaminiwa na kulipwa ili waondoke. Kwangu hiki ndicho kipimo kigumu kuliko vyote, kwa sababu bonde likibaki wazi bila mlinzi wala matumizi, litajengwa tena.

Mbali na barabara na mitaro, huduma gani hasa zinabadilika?

Nyingi hubadilika bila mradi kuzitaja. Njia ikipitika, gari la taka linaingia na ada ya taka inapata maana. Gari la kunyonya maji taka linafika chooni, na sababu ya kutapisha inapungua. Zimamoto inafika. Mabomba ya maji, ambayo zamani yalipita juu ya ardhi na ndani ya mitaro michafu yakivuja, yanapata ukanda wake kando ya barabara. Taa za barabarani zinamwongezea muuza samaki wa kukaanga saa mbili au tatu za biashara, na binti anayetoka masomo ya jioni hatembei gizani.

Nairobi wameonyesha upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru, eneo la makazi ya mabanda, kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakaonyesha kwa hesabu kwamba mtu wa kibandani hulipia dumu la maji bei ya juu kuliko wa nyumba za kifahari anayefunguliwa bomba. Maskini walikuwa hawapati huduma ya bure, walikuwa wananunua huduma mbovu kwa bei kubwa. Yeyote aliyenunua maji ya toroli Dar es Salaam anaelewa.

Nyumba yangu imewekewa X. Nifanye nini?

Kwanza usikimbilie kuuza wala kubomoa. Jambo la pili, uliza X hiyo ni ya nani na ya sababu gani, maana kuna tofauti kubwa. Wapo wanaowekewa alama kwa sababu ardhi yao inahitajika na mradi. Wapo wanaowekewa kwa kujenga ndani ya hifadhi ya barabara, au ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, eneo ambalo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imelikataza kwa shughuli za kudumu. Haki zako hutegemea uko kundi gani.

Kama ardhi inatwaliwa kwa ajili ya mradi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Si bei ya matofali tu. Kuna thamani ya soko ya ardhi na majengo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa mizigo, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na kwa mwenye biashara, faida anayoipoteza, nayo kwa miezi 36. Watu wengi wanasaini bila kujua kwamba duka la barazani lilikuwa na mstari wake kwenye jedwali.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, au mtu wa familia unayemwamini, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hesabu naye mthamini: miti, ukuta, kisima, choo cha nje, banda la kuku. Piga picha. Bakiza nakala ya kila unachosaini. Sheria ya uthamini ya 2016 imeweka muda pia: fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kudaiwa riba, na uthamini uliopita miaka miwili unapaswa kurudiwa. Muda huo ni silaha yako, kwa sababu bei ya kiwanja Goba au Kivule haisubiri hundi.

Usiyekuwa na hati usikate tamaa. Miradi inayokopeshwa na Benki ya Dunia inatakiwa kulipa hata mali za mtu asiye na hati rasmi, na leseni ya makazi au barua ya mauzo yenye muhuri wa serikali ya mtaa husaidia kuthibitisha kuwa pale ni kwako.

Mimi ni mpangaji. Nina haki yoyote?

Unayo, lakini ni nyembamba, na hapa ndipo miradi hii inaponipa wasiwasi. Nyumba nyingi za Kiswahili Dar es Salaam zina vyumba sita au nane, kila chumba familia. Fidia ya jengo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji mwenye biashara anaweza kuhesabiwa kwa biashara yake, na wapangaji wote wanatakiwa wapewe taarifa na muda wa kuhama. Kama ulilipa kodi ya miezi sita mbele na nyumba inavunjwa mwezi wa pili, dai iliyobaki kwa maandishi kabla mwenye nyumba hajapokea hundi yake, na mjulishe mjumbe.

Ama suala la kodi kupanda baada ya lami kufika, ndiyo, hupanda. Mtu aliyevumilia matope miaka kumi anaambiwa aongeze elfu ishirini au ahame. Sijaona mradi uliolitibu hili ipasavyo. Dawa inayoelekea kufaa ni kuboresha mitaa mingi kwa mara moja, maana mtaa mmoja ukiwa na lami ni lulu, lakini mitaa ishirini ikiwa nayo, lami inakuwa jambo la kawaida.

Tunashirikishwa vipi? Mbona tunaitwa tu kusaini mahudhurio?

Malalamiko haya ni ya haki mara nyingi. Mkutano unaoitishwa Jumatano saa nne asubuhi unawapata wazee na wasio na kazi, na akina mama wako sokoni. Mkiitiwa mkutano wa namna hiyo, mwombeni mtendaji ausogeze Jumapili jioni. Kinachoangaliwa pale si hotuba. Omba kuona mchoro, na uliza maswali matatu: mtaro unaishia wapi, njia ya kuingilia nyumba zetu itavukaje mtaro, na taa na vyoo viko wapi. Kalavati la kuvukia likisahaulika kwenye mchoro, utavuka kwa ubao kwa miaka.

Ushirikishwaji wa kweli upo, na tumeuona. Kuanzia 2015 kazi iitwayo Ramani Huria iliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na vijana wa mitaa ya Dar es Salaam kuchora ramani za kata zao, mtaro kwa mtaro na njia kwa njia, wakiwauliza wakazi maji hufika kiuno au goti. Ramani hizo zikawekwa wazi kwa kila mtu. Kule Mukuru wakazi walijipanga kwa makundi ya nyumba chache chache, kila kundi na mwakilishi wake, mpaka eneo la kaya zipatazo laki moja likaweza kujisemea kuhusu upana wa njia. Watu walikubali wenyewe kurudisha nyuma kuta zao. Hilo haliletwi na tingatinga.

Kwa nini kazi ya miezi 15 inachukua miaka mitatu?

Mara nyingi kwa kilichomo ardhini na kilichosimama juu yake. Nguzo za umeme na mabomba ya maji yanapaswa kuhamishwa kwanza, fidia inachelewa, masika inaingia. Na wakandarasi wengine huchukua kazi nyingi kuliko mitambo waliyo nayo.

Mwendokasi nao umo?

Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ni mradi wake, lakini ni ndugu. Awamu ya kwanza, kilomita takriban 21 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Barabara nyingi za DMDP zilichaguliwa kwa makusudi kuwa za kulisha njia kubwa, ili bajaji na daladala ziwatoe watu ndani. Na mwendokasi nao umetufundisha somo la maji kwa gharama kubwa: karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, bondeni, na imefurika mara kwa mara.

Mkandarasi akishaondoka, nani anatunza?

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi 2017. Fedha zake za matengenezo zinatoka zaidi kwenye tozo ya mafuta, na mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara hizi. Kwa hiyo kila dereva wa bodaboda anayejaza tangi ana hisa katika shimo lililoko mbele yake, na ana haki ya kuulizia. Kodi ya majengo nayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ukinunua umeme unalipia mji, ingawa risiti haikuambii pesa hiyo imerudi mtaani kwako au la. Muulize diwani. Bajeti ya halmashauri hupita mbele yake.

Usafi wa mtaro ni habari nyingine, na hapa sitamung'unya maneno. Mtaro uliojaa mchanga hadi nusu hubeba nusu ya maji, basi mwezi wa Februari, kabla ya masika, ndiyo wakati wa kuuzibua. Halmashauri nyingi huzibua Mei, watu wakiwa wameshaokolewa kwa mitumbwi. Mtaa wenye kamati ya mtaro, watu watano tu wenye makoleo na ruhusa ya kumtoza anayemwaga taka, unaishi na mtaro wake miaka mingi. Mchanga unaotolewa usirundikwe ukingoni, mvua ya kwanza itaurudisha ndani. Upakiwe na uondolewe siku hiyohiyo.

Lami mpya imeanza kupasuka. Nimwambie nani?

Angalia tarehe ya makabidhiano. Kwa kawaida kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo mkandarasi anarudi kurekebisha kwa gharama zake na sehemu ya malipo yake inakuwa imezuiwa. Andika barua kwa TARURA wilaya kupitia mtendaji wa mtaa, weka picha na tarehe. Simu haitoshi, haina muhuri.

Nitajuaje kama fedha zimetumika sawasawa?

Anzia kwenye bango la mradi: jina la mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Bango likikosekana, hilo lenyewe ni swali la kwanza. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwasilishwa bungeni na kuwekwa wazi, na ina kitabu chake cha miradi ya maendeleo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa ya mradi kwa maandishi. Lakini kipimo cha haraka anacho fundi mwashi wa mtaani kwenu. Atapita jioni kando ya mtaro, atagonga zege kwa nyundo, na atakwambia kama saruji ilitosha.

Mtaa wetu haumo kwenye orodha. Tuanzie wapi?

Orodha hutokana na mipango ya halmashauri, na mipango hiyo huanza na mkutano wa mtaa unaoibua vipaumbele. Hakikisheni barabara yenu na mtaro wenu vimeandikwa kwenye muhtasari, kwa majina na urefu, siyo "miundombinu iboreshwe". Pimeni wenyewe kwa futi kamba, hesabuni kaya, andikeni maji yalifika wapi mwaka jana, wekeni picha ya choo kilichobomoka. Rasimisheni viwanja kama bado, na mnapopanga mipaka acheni njia ya mita sita badala ya mbili, hata kama jirani ananung'unika. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, nakala moja iende kwa diwani na nyingine TARURA. Ya tatu ibaki kwa mzee mmoja asiyehamahama, kwa sababu wenyeviti hubadilika kila miaka mitano na makabati ya ofisi za mitaa hulowa masika.